Mapazia Uliyoyashona, Mama Jobeda, Mtaa wa Thimble

Mwaka umezunguka, Mama, na bado tukisikia ngazi zinalia tunadhani ni wewe unashuka kufungua mapazia. Wewe Jobeda Khatun, mjane wa Torik Ullah, wa nyumba yenye mlango wa kijani, Mtaa wa Thimble, Oldham. Ulilala na afya yako, umeshamgombeza Shofiq kwa kutovaa soksi, na hukuamka.

Anayeandika ni mimi, Luthfa, binti yako mkubwa. Shofiq alisema ataandika yeye. Akaandika sentensi mbili, akatoka akaenda kujifungia kwenye gari. Unamjua mwanao. Basi nasema kwa niaba yetu sote, na nikizidisha chumvi utanisamehe, kwa kuwa mkono huo wa chumvi nimeurithi kwako.

Ulikuja hapa kutoka Beanibazar, kwetu Sylhet, wakati wa baridi kali, mimi mtoto nimeng'ang'ania sari yako, Baba ametupokea na koti moja la kuvaa watu watatu. Ulipenda kulisimulia hili mwenyewe. Ulipoziona nyumba za matofali zimebanana, kila moja na moshi wake juu, ulidhani Baba anakupitisha kiwandani kwake kwanza ujue anakofanya kazi. Ukamuuliza, "Na nyumba yetu iko wapi?" Baba akasema, "Ndiyo hii, umeiegemea."

Hukubadilika kuwa mtu wa hapa kwa siku moja, na hukupenda mtu akuharakishe. Kwanza ulijifunza foleni. Kwenye duka la mikate ulikwenda moja kwa moja mbele, kama ulivyozoea sokoni kwenu, na hakuna aliyekukataza. Walikohoa tu. Ulirudi nyumbani ukamwambia Baba watu wa mji huu wote wana kifua. Baba alicheka mpaka akachelewa zamu yake ya usiku kiwandani, kisha akakueleza maana ya kile kikohozi. Tangu siku hiyo hukuwahi kumpita mtu kwenye foleni, na Mola amsaidie aliyekupita wewe. Ulikuwa unakohoa kuliko wote.

Baadaye ukajifunza kumshukuru dereva wa basi unaposhuka. Ukajifunza kuomba radhi mtu anapokukanyaga wewe, jambo ambalo Shofiq hajalielewa mpaka leo. Ukajifunza kuizungumzia mvua kama jamaa wa ukoo mwenye tabia mbaya. Juu ya sari ukavaa koti la mvua, juu ya koti skafu, na mkononi ule mkoba wa kahawia ambamo tambuu ilikaa pamoja na biskuti. Hukutupa chako ili uchukue cha watu. Ulikuwa unaongeza tu, na ulibeba vyote bila kuchoka.

Lakini hadithi ya mapazia ndiyo uliyoipenda kuisimulia, na ndiyo tunayotaka watu waisikie leo, kwa sababu bila hiyo hawatakujua.

Ilikuwa siku ya akika ya Shofiq, karamu ya kuzaliwa kwake. Nyumba imejaa wanawake wa Kisylheti kutoka mitaa ya pili na ya tatu, jikoni sufuria tatu zinachemka, wanaimba nyimbo za kwenu. Baba amekwenda kuchukua nyama. Ukatazama nje, ukaona kila nyumba ya mtaa imefunga mapazia mchana kweupe. Kila nyumba, upande huu na upande ule. Moyo ukakuuma. Ulisema, "Hawataki hata kutuona tukifurahi." Wageni wako wakasema Wazungu ndivyo walivyo, uzoee. Wewe huzoei kitu namna hiyo. Ukayafungua mapazia yako mpaka mwisho, yale mekundu uliyoyashona mwenyewe, ukafungua na dirisha, ukafungua na mlango. Ukasimama kizingitini na sari yako ya harusi, mtoto kiunoni, unacheka kwa sauti ili wakusikie.

Ndipo likaja gari refu jeusi, taratibu, likasimama mlango unaotazamana na wetu. Jeneza likatolewa ndani ya nyumba ile. Nyuma yake akatoka mama mmoja mnene amevaa nyeusi, ameshikwa mkono na kijana wake. Akainua macho, akakuona. Nyumba yako ndiyo pekee iliyokuwa wazi mtaa mzima.

Baba alikuwa amefika pembeni na furushi la nyama. Aliliweka chini, akavua kofia, akasimama mpaka gari likapita. Kisha akaja akakwambia kwa upole, "Hawakutufungia sisi. Wanamfungia maiti wao. Ni heshima yao." Ulikaa kwenye ngazi za ndani ukalia, na akika ya Shofiq ikaliwa kimya kimya.

Mama, wapo watu wangejificha. Sijui ningekuwa mimi ningefanya nini, pengine ningehama. Kesho yake ulikaanga handesh, vile vitumbua vyetu vya unga wa mchele na sukari guru, ukavipanga kwenye sahani yako nzuri kuliko zote, ukanishika mkono ukavuka barabara. Mimi nilikuwa mkalimani. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la vidudu.

"Mwambie sikujua," ulisema.

"Mama anasema hakujua," nikasema.

Bi Edna Ogden, ndiye huyo mjane wa marehemu Wilf, alituangalia tulivyosimama kwenye mvua. "Sasa angejuaje?" akasema. "Nani alimwambia? Sisi tulikaa tu tukamtazama. Mwambie aingie ndani, anamaliza joto lote la nyumba."

Mkakaa jikoni kwake. Akatia maji kwenye birika. Akala handesh mbili, ya tatu akaificha kwenye kabati ili kijana wake Keith asiione, kisha akakupeleka sebuleni akakufundisha kwa mikono kwa kuwa mkalimani alishalala kwenye kochi. Haya uliyasimulia wewe. Alishika pazia akalifunga. Akakuonyesha dirishani, gari linakuja hivi, linapita, linakata kona. Akasubiri. Halafu akalifungua pazia kwa nguvu, mwanga ukaingia, akakuonyesha birika. Baadaye, ulipokwishajua lugha, alikupa na maelezo yake: "Likishakata kona, unafungua na unaweka maji ya chai. Ukikaa gizani kutwa nzima na wewe utakufa, na itakuwa kazi ya mtu mwingine tena kufunga."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Dada Edna wako. Alikufundisha kusugua kizingiti kila Ijumaa mpaka kiwe cheupe, na wewe ukakifanya cheupe kuliko chake, akakununia wiki nzima. Ulipopika ng'onda, wale samaki wako wakavu, alivuka barabara kuuliza, "Leo tena unachemsha soksi?" Na wewe unamjibu, "Ni zako, Dada Edna, ulizisahau kwenye kamba." Siku moja aliomba kuonja tambuu. Alipotema akaona nyekundu, akakaa chini akasema mwiteni daktari. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Chai yako ilibadilika pia. Ulikuja na ya kuchemsha na maziwa na iliki, ikawa hivyo miaka mingi, kisha polepole ikaingia ya Dada Edna, kikombe kikubwa, majani kwenye kifuko, maziwa kidogo, biskuti ya kuchovya. Mwishowe ulikuwa unasema ya iliki ni ya wageni. Tulikutania kwamba umekuwa Mwingereza kupita Waingereza. Ulijibu, "Mtu akipika vizuri huulizi kwao wapi."

Na ile siku ulipovunjika nyonga, umelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, uso umekuwa kijivu kwa maumivu, muuguzi anakuuliza unajisikiaje. "Si vibaya sana, asante," ukasema. "Na wewe, mwanangu, habari za kazi?"

Shofiq akafoka, "Mama, mfupa umevunjika."

"Kwani yeye ndiye aliyeuvunja?"

Tunajivunia majibu hayo. Tunayarudia mezani na wajukuu wako wanayajua kwa moyo.

Miaka ikapita. Viwanda vya pamba vikafungwa, Baba akatangulia mbele ya haki, Waingereza wa mtaa mmoja mmoja wakahama au wakazeeka. Miguu ya Dada Edna ikakataa, basi kazi yake ya kupita mlango kwa mlango kutangaza mazishi akakukabidhi wewe. Akifa mtu ulivaa koti lako la mvua, hata kama jua linawaka, ukagonga kila mlango. "Kesho saa tano. Mapazia." Hukuongeza neno.

Wengine walikubishia. Mosabbir, kijana wetu wa Kisylheti aliyehamia na mkewe nyumba ya pembeni, alikwambia, "Mama mdogo, hii ni mila ya Wazungu. Na wao wenyewe wameshaiacha."

"Walioiacha wamehama," ukamwambia. "Mtaa huu una wenyewe, nao ni sisi."

"Lakini huyo aliyekufa mimi simjui."

"Hata yeye hakujui. Funga pazia."

Akafunga. Nani angekukatalia na lile koti.

Kisha akafa Dada Edna mwenyewe. Keith, ambaye sasa ni mzee wa Preston mwenye mvi, alikuja mbiombio kupanga mazishi, na mpango wake ulikuwa jeneza litoke hospitali liende moja kwa moja makaburini. Ulimsimamia mlangoni na mkongojo wako. "Lipite hapa."

"Bi Jobeda," akasema kwa adabu, "hakuna mtu anayefanya hayo siku hizi."

"Mimi nafanya."

Gari likapita. Ulifunga mapazia yako, ukasimama nyuma yake ukilia, halafu ukachungulia pembeni kidogo, maana hata kuchungulia bila kuonekana Dada Edna alikufundisha. Ukaona. Nyumba zilizofunga zilikuwa chache. Nyingine zilikuwa na magazeti ya zamani dirishani, nyingine blanketi limening'inizwa kwa misumari, nyingine kioo kitupu na televisheni inawaka ndani. Wapangaji wapya wanakuja na begi moja, hawajui watakaa lini wala wataondoka lini, nani atanunua pazia?

Gari lilipokata kona ulifungua, ukaweka birika kama ulivyofundishwa, ukakaa. Ukasema, "Wilf alifungiwa na mtaa mzima. Edna amefungiwa na nyumba chache. Mimi je?"

Shofiq alijaribu kukufariji. Alisema, "Mama, wewe tutakupeleka Beanibazar. Kijiji kizima kitakuja."

"Kijiji kipi? Walionijua wote wamo ardhini. Nizikeni hapa, kando ya baba yenu. Na gari lipite mtaani kwangu."

Hilo ndilo jambo moja uliloliomba, Mama, wewe ambaye hukuwa mwombaji. Na ulijua kuomba peke yake hakutoshi. Wiki hiyohiyo uliitoa ile cherehani uliyotulelea, uliyoshonea majaketi ya kiwanda pale jikoni tulipokuwa wadogo. Ukaenda sokoni kwa yule muuza vitambaa, ukarudi na mabaki ya majora. Kila mpangaji mpya aliyeshusha begi lake Mtaa wa Thimble alipata sahani ya handesh, na ukiwa unaingia na sahani macho yako yako dirishani, unapima. Siku chache baadaye unarudi na mapazia. Abrehet alipokuja kutoka Eritrea na wanawe wawili, ametundika shuka dirishani, ulimshonea ya kijani yenye maua. Alikuuliza atakulipaje. Ulimwambia, "Utayafungua asubuhi na kuyafunga usiku. Na nikikwambia funga mchana, utafunga." Hakuelewa, akadhani ni masharti ya mwenye nyumba. Ukamketisha ukamwelekeza kwa mikono, kama ulivyoelekezwa.

Sisi tulikusema. Nilikwambia macho yako yanakwisha, mgongo huo, watu wenyewe wakihama wanayaacha. Uliendelea kutia uzi kwenye sindano. "Wakiyaacha," ukasema, "atayakuta anayekuja."

Siku ulipoondoka mapazia yako mekundu hayakufunguka. Ulikuwa unayafungua mara tu baada ya sala ya alfajiri, kila siku, kiangazi na baridi, hata siku uliyomzika Baba. Asubuhi ile sisi tulikuwa juu, kando ya kitanda chako, hatujapiga hata simu moja. Mlango ukagongwa. Alikuwa Abrehet, amevaa ndala kwenye barafu. Alimwangalia Shofiq usoni. Akasema, "Lini?"

"Kesho, baada ya adhuhuri," Shofiq akajibu, na Abrehet akageuka akaenda.

Kesho yake, msikitini, baada ya sala ya jeneza, Shofiq alinijia kwenye gari nilipokuwa nimekaa na wanawake. Akasema, "Luthfa, twende moja kwa moja makaburini."

"Aliomba lipite mtaani."

"Najua aliomba. Tukipita tukakuta madirisha wazi na watu wanaangalia televisheni, mimi nitavumilia vipi? Afadhali tusijue."

Moyo wangu nao ulikuwa hapo hapo, Mama, sitakuficha. Niliogopa kwa ajili yako kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili yangu. Lakini nilimwambia, "Yeye alivuka barabara na sahani. Sisi tuko ndani ya gari. Tunapita."

Tukakata kona ya Mtaa wa Thimble taratibu, nyuma ya lile gari refu.

Yalikuwa yamefungwa. Ya Mosabbir ya buluu, yamefungwa. Ya Abrehet ya kijani yenye maua, yamefungwa. Ya wale vijana wa Kiromania wanaofanya kazi ghalani na kulala mchana, ya njano, uliyowashonea mazito ili walale vizuri, yamefungwa, na wao wenyewe wamesimama nje, wamevua kofia, macho mekundu ya usingizi. Ya nyumba ya Dada Edna, ambayo sasa ina watu ambao hata hatujui majina yao, yamefungwa. Upande huu na upande ule mpaka mwisho. Hakuna magazeti, hakuna blanketi. Mshono wa kila pazia naujua, ule upindo wako mpana wa chini ambao nilikuwa naukejeli kwamba unamaliza kitambaa. Tulipita katikati ya kazi ya mikono yako, Mama, na wewe umelala mbele yetu.

Shofiq aliinamisha kichwa kwenye usukani. Ilibidi nimwambie aendelee, maana gari lako lilikuwa limeshafika kona.

Baadaye tulijua. Abrehet alikuwa amelichukua koti lako la mvua kwenye msumari wa mlangoni, bila kumwambia mtu, akalivaa. Akagonga kila mlango. "Kesho adhuhuri. Mapazia." Mosabbir aliniambia alipofungua mlango akaliona koti kwanza kabla ya uso, akaitika kabla hajaambiwa.

Tulirudi kutoka makaburini, mtaa umefunguka wote, mwanga umejaa kwenye vioo. Nyumba yetu peke yake ilikuwa bado gizani. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwako, sina hata wazo la kusimama. Abrehet akaja na sahani, sahani yako ile nzuri uliyompelekea siku ya kwanza. Hakutoa pole ndefu. Aliniangalia, akaangalia dirisha.

"Gari limeshakata kona, Luthfa," akasema. "Fungua. Mimi naweka birika."

Basi ndiyo tunayoyafanya, Mama. Cherehani nimeichukua mimi. Mshono wangu haujanyooka kama wako na upindo wangu ni mwembamba, lakini nyumba ya katikati wameingia watu wapya mwezi uliopita na dirisha lao limeshavaa. Koti tumemwachia Abrehet. Linamtosha kuliko linavyonitosha mimi.

Ulikuja ukidhani mtaa huu umekufungia nje. Ukaondoka ukiwa wewe ndiye uliyeushona wote, na sisi tunatembea humu vifua mbele kwa sababu ni wanao.

Wanaokukumbuka kwa mapenzi na kukuombea ni wanao Luthfa na Shofiq, mkweo Rumena, wajukuu wako Tahmid, Nabiha na Ishrat, mdogo wako Moyna Bibi na jamaa wote wa Beanibazar, Abrehet na wanawe, Mosabbir na mkewe, Keith Ogden wa Preston, anayeuliza kama bado kuna handesh, na majirani wa Mtaa wa Thimble, upande huu na upande ule. Dua itasomwa nyumbani Ijumaa baada ya adhuhuri. Chai ipo ya aina zote mbili.

Mola akupe nuru, Mama, huko uliko. Kukusahau hatuwezi hata tungetaka. Leo alfajiri, baada ya sala, tumeshuka ngazi zako zinazolia, tukayafungua yale mekundu mpaka mwisho.